Hale Ilisikilizwa Mwaka Mmoja

Mwaka 1994 kipima tetemeko kilifukiwa ardhini Hale, mji mdogo wa Wilaya ya Korogwe unaojulikana zaidi kwa umeme wa maji na mashamba ya mkonge. Kilikuwa kimoja kati ya vipima 20 vilivyotandazwa Tanzania kwa mistari miwili. Kazi hiyo iliongozwa na Andrew Nyblade wa chuo kikuu cha Penn State pamoja na wenzake, na fedha zilitoka National Science Foundation, shirika la serikali ya Marekani linalogawa ruzuku za sayansi. Mwaka 1995 vipima viling'olewa vikafungashwa, na mradi ukafungwa.

Andiko la mradi lililoleta kipima kile halikubeba swali la Korogwe. Lilitaka kujua kwa nini nyanda za juu za Afrika Mashariki zimeinuka kiasi hiki, na kuna nini mamia ya kilomita chini ya Bonde la Ufa. Ni swali zuri, na majibu yake yanafundishwa vyuoni mpaka leo. Ila mwalimu wa Mombo, Korogwe hiyohiyo, anayetaka kujua kama ukuta wa darasa lake utahimili mtikisiko hakuwamo, wala hapakuwa na sababu awemo. Anayelipa ndiye anayechagua swali, na mlipa kodi wa Marekani hakuwa na deni kwa Mombo.

Tangu hapo mtindo haujabadilika sana. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu mitetemo ya Tanzania tumeyapata kwa ruzuku za serikali za watu wengine: Marekani, Norway, Sweden, Ufaransa. Sioni aibu katika hilo, kwa kuwa sayansi ni ushirika. Ninachokiona ni hesabu isiyofungwa. Yako maswali ambayo hakuna serikali ya nje itakayoyalipia, kwa sababu jibu lake lina faida kwa watu wa Korogwe na jirani yake Handeni tu. Hayo yanabaki kwetu, na kwetu hayana fungu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Bonde la Ufa la mashariki linapotoka Kenya na kuingia kaskazini mwa Tanzania hupoteza umbo lake. Badala ya kuwa mfereji mmoja linachanua matawi matatu: la Eyasi upande wa magharibi, la Natron na Manyara katikati, na la Pangani upande wa mashariki. Tawi la tatu ndilo lisilotajwa kwenye vipeperushi vya utalii. Linaanzia maeneo ya Kilimanjaro, linashuka kusini mashariki likiwa na milima ya Pare na Usambara kwa mkono mmoja na nyika ya Wamasai kwa mkono mwingine, na mto Pangani unalifuata hadi Korogwe na baharini. Ukisimama Mazinde ukatazama juu, ule ukuta wa Usambara unaopanda hadi zaidi ya mita 2,000 ni kipande cha gamba la dunia kilichonyanyuka kando ya nyufa. Milima hiyo haikuinuliwa na volkano. Kilichoinyanyua ni mwamba kuteleza juu ya mwamba, na mwamba huteleza kwa matetemeko.

Hatujui mtelezo huo ulitokea lini mara ya mwisho. Pande za Afrika za mashariki na magharibi zinaachana kwa milimita chache kwa mwaka, na mwendo huo mdogo umegawanywa kwa nyufa nyingi. Tuchukue mfano wa ufa wenye mgawo wa theluthi moja ya milimita kwa mwaka. Miaka 3,000 ikipita utakuwa umelimbikiza mita moja, na mita moja ikiachiwa kwa mkupuo ni tetemeko la kubomoa mji. Sasa linganisha na umri wa kumbukumbu zetu. Vipima vya kisasa vilianza kuenea duniani miaka ya 1960. Miaka 60 ya ukimya katika mzunguko wa miaka 3,000 haimhakikishii mtu kitu, na atakayekwambia Korogwe ni salama kwa kuwa babu yake hakuwahi kutikiswa anasema kweli kuhusu babu yake tu.

Ndiyo maana wataalamu hutafuta mitetemo midogo. Kwa kawaida, palipo na tetemeko moja la ukubwa wa 5 hutokea takriban kumi ya ukubwa wa 4 na mia moja ya ukubwa wa 3. Ukihesabu vizuri yale madogo unaweza kukadiria makubwa bila kusubiri yatokee, na ukiyachora kwenye ramani yanakuonyesha ufa upi uko hai. Lakini mtetemo wa ukubwa wa 2 au 3 chini ya Handeni haufiki kwenye vipima vya mbali kwa nguvu ya kutambulika. Mtandao wa dunia, kwa sehemu kama hii, hukamata kwa uhakika yale ya ukubwa wa 4 na ushei. Yaliyo chini ya hapo yanahitaji kipima kilicho karibu, kinachofanya kazi miaka mingi mfululizo.

Hapa ndipo mtego ulipo. Ramani ya hatari ya matetemeko ya mashariki na kusini mwa Afrika iliyochapishwa mwaka 1999, pamoja na zilizofuata, imechorwa kwa kutumia orodha ya matetemeko yaliyorekodiwa. Mahali pasipo na kipima orodha huwa fupi, na orodha fupi huchorwa kwa rangi ya kupoa. Afisa wa mipango anaitazama ramani, anaona rangi ya kupoa, anapeleka fedha pengine. Kipima hakiwekwi. Miaka kumi baadaye ramani mpya inatoka na rangi ileile, na kila aliyehusika alifuata utaratibu. Sidai kwamba Handeni ina hatari kubwa kama ya Rukwa, ambako mnamo 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika. Ninachodai ni kwamba ile rangi ya Handeni imetokana zaidi na bajeti kuliko na miamba.

Wamarekani walikutana na tatizo la namna hii na wakalitungia sheria mwaka 1977, baada ya Alaska kutikiswa mwaka 1964 na San Fernando mwaka 1971. Sheria ile ilianzisha mpango wa taifa wa kupunguza hatari za matetemeko, unaobebwa leo na mashirika manne ya serikali. Moja ni shirika la jiolojia, USGS, ambalo kila mwaka hutangaza ruzuku kwa watafiti walio nje yake: vyuo, kampuni, idara za majimbo. Maandiko yanashindanishwa na kupimwa na jopo la wataalamu, na ripoti za mwisho zinawekwa wazi kwa umma.

Watu wetu wanaposifu mpango ule husifia ushindani. Mimi nasifia kitu kingine, nacho hakivutii macho. USGS ina mifuko miwili. Mmoja ni wa maswali: mtafiti anapewa mwaka mmoja au miwili, anachimba mtaro kukata ufa, anapima udongo, anaandika. Mwingine ni wa kuendesha mitandao ya vipima, kwa mikataba ya miaka kadhaa na vyuo vinavyoitunza. Mfuko wa pili haumpi mtu umaarufu. Unalipa betri, fundi, mafuta ya gari na mshahara wa anayekagua data kila asubuhi. Bila huo, wa kwanza hauna cha kuuliza.

Mfano wa Parkfield, California, unatosha. Ufa wa hapo ulikuwa umetoa matetemeko ya ukubwa wa karibu 6 kwa vipindi vilivyofanana, na wataalamu walitabiri lingine lingefika kabla ya mwaka 1993 kwisha. Serikali ikajaza bonde lile vipima. Mwaka 1993 ukaja na kupita, kimya. Tetemeko lilifika 28 Septemba 2004, miaka 11 baada ya muda wake. Utabiri ulishindwa hadharani, lakini vipima vilikuwa bado vinalipiwa, na kumbukumbu ya siku ile ni kati ya zilizo kamili kupita zote zilizowahi kupatikana karibu na ufa. Jiulize katika bajeti yetu nani angesimama mbele ya kamati ya Bunge mwaka wa kumi na moja kutetea kasma ya kitu ambacho hakijatokea.

Sisi tulipata kitu kama hicho kwa bahati. Julai 2007 ardhi ya Gelai, karibu na Ziwa Natron, ilianza kutikisika mfululizo, na kubwa zaidi la 17 Julai lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na likasikika Arusha na Nairobi. Ikawa kwamba timu ya Ufaransa na Tanzania ilikuwa imetandaza vipima vya muda kaskazini mwezi uliotangulia tu, kwa mradi wenye malengo mengine. Dunia ikaona kwa undani jinsi magma inavyopenya na kupasua ufa, na Oldoinyo Lengai akalipuka mwaka huohuo. Mradi ule ungechelewa miezi miwili kupata fedha, tungebaki na simulizi.

Turudi kwenye mifuko yetu. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake upo mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi, MTUSATE. Huo ndio mfuko wa maswali. Umegharimia mambo mengi ya maana katika kilimo, afya na viwanda, kwa fedha ya Hazina na ya wafadhili, Sweden ikiwamo. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na bado hatujafika. Siku hizi Wizara ya Elimu pia inawatuza fedha watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Tuzo ni jambo jema, ila tazama inachonunua: makala. Hakuna jarida kubwa litakalochapisha makala inayosema kipima cha Handeni kimefanya kazi mwaka mzima bila kukatika, wakati kazi yenyewe ni hiyo.

Mfuko wa pili, wa kutunza vipima, ungepaswa kukaa kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yenye makao Dodoma. Jina lake lina jibu la kwa nini haupo. GST iko chini ya Wizara ya Madini, na ukiwa chini ya wizara inayopimwa kwa maduhuli, jiolojia inayoheshimiwa ni ile inayoleta dhahabu. Handeni inalijua hilo kuliko wilaya nyingi. Magambazi na vilima jirani vimetobolewa, vimepimwa kwa ndege, vimechukuliwa sampuli na makampuni na wachimbaji wadogo. Fedha ya kutazama chini ya Handeni haijawahi kukosekana pale ilipotarajiwa kurudi na faida.

Wala kazi ile si hasara kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipima usumaku wa miamba kote nchini kwa ajili ya madini, na takwimu za namna hiyo huonyesha nyufa zilizofunikwa na udongo. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akipewa ruzuku ndogo na idhini ya kutumia data hizo, anaweza kuchora nyufa zinazopita kati ya Handeni na Korogwe kabla hajavaa buti. Ruzuku ya namna hii ni ya bei ya chini na haihitaji mgeni.

Naomba nisieleweke kwamba serikali hulala tetemeko likitokea. Bukoba ilipopigwa alasiri ya 10 Septemba 2016, kwa ukubwa wa 5.9, wataalamu wa GST walikwenda, na maelfu ya nyumba zilizobomoka na kupasuka zikahesabiwa. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilifungwa. Watu wapatao 19 walikufa, na wengi wa waliokufa na kuumia waliangukiwa na kuta. Fedha ikachangwa kwa kasi ambayo wizara ya sayansi haijawahi kuiota. Tetemeko lile si kubwa kwa vipimo vya dunia, na lilitokea kina cha karibu kilomita 40. Kilichoua ni tofali lisilo na nondo wala lenta.

Hapo Handeni na Korogwe zina la kujifunza bila kusubiri kipima chochote. Nyumba za mbavu za mbwa za vijijini zikianguka huumiza, lakini miti iliyofungwa kwa kamba hunesa kabla ya kuachia. Hatari imeongezeka kwa maendeleo: matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, ukuta mrefu wa darasa usio na mkanda wa zege juu yake, paa zito. Na mji wa Korogwe umekaa bondeni, sehemu zake juu ya tope na mchanga wa mto. Udongo wa namna hiyo hukuza mtikisiko. Nyumba mbili zinazofanana, moja juu ya mwamba na nyingine kando ya mto, hazitatikiswa sawa. Kupima jambo hilo hakuhitaji tetemeko. Watu wawili wenye kipima cha kubebeka hurekodi minong'ono ya kawaida ya ardhi mtaa kwa mtaa, na kwa majuma machache ramani ya udongo laini wa mji inapatikana. Sijui kazi nyingine ya utafiti inayompa mhandisi wa halmashauri kitu kinachotumika haraka hivyo.

Kuna watakaoniuliza, na wana haki: Handeni imelilia maji miongo kwa miongo, wewe unaleta habari za vipima? Jibu langu linapitia kwenye maji yenyewe. Handeni inategemea bomba kuu linalovuta maji kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, mradi maarufu kwa kifupi chake, HTM, na sasa umo ndani ya mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Bomba likikatika kwenye ufa, mji wote unarudi kwenye madumu. Sehemu moja tu kwa elfu ya mkopo ule ni dola 500,000. Kwa fedha hiyo unanunua vipima kadhaa vizuri na kuvitunza kwa miaka, na bado chenji inabaki ya kulipia tafiti za mijini. Sisemi ichotwe kwenye mkopo, maana mikopo ina masharti yake. Ninaonyesha ukubwa wa kitu tunachosema hatukimudu.

Kisha ipo Msomera. Tangu Juni 2022 familia zilizohama Ngorongoro zimepokelewa huko Handeni, na serikali imejenga nyumba kwa mamia. Mjadala wa uhamisho wenyewe ni mrefu na hautoshi kwenye safu hii. Mimi natazama ukuta. Nyumba za ramani moja zinazorudiwa mara mamia zina sifa moja ya ajabu: kama fundi wa kwanza aliweka lenta na nondo sawasawa, zote ziko salama, kama alikosea, kosa ni moja lenye nakala mamia. Andiko dogo la kupima ubora wa nyumba hizo na udongo wake lingekuwa ruzuku ya serikali ikichunguza mali ya serikali. Nashangaa kwamba si sharti la mradi wowote wa makazi wa ukubwa ule.

Nimetaja fedha, sasa nitaje na kitu kinachopatikana karibu bure. Mtetemo ukisikika, watu huandika kwenye makundi ya WhatsApp, na kufikia asubuhi yote yameshapotea. Mtendaji wa kijiji angeweza kujaza fomu ya maswali machache: saa ngapi, vyombo vilitikisika au vilianguka, nyufa ziko ukuta upi. Fomu mia kutoka vijiji mia huchora ramani ya mtikisiko ambayo kipima kimoja hakiwezi. Na nyuma yetu yako makabati ya kumbukumbu. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, mwaka huohuo Wajerumani walipoanzisha taasisi ya utafiti ya Amani huko Usambara, na wamisionari wa Magila walikuwa wameshaandika barua miaka mingi. Tetemeko la Rukwa la 1910 lilikuja kueleweka vizuri pale mtaalamu wa matetemeko Nicholas Ambraseys alipokusanya kumbukumbu za zama zile na kuzioanisha na michoro ya vipima vya Ulaya. Sijasikia aliyelipwa kufanya hivyo kwa Usambara na Uzigua. Inahitaji mtu anayesoma Kijerumani, mwaka mmoja na posho.

Nikiulizwa nianzie wapi na Hazina yenye mkono mgumu, sitaomba mpango mkubwa wenye uzinduzi na fulana. Nitaomba kasma moja kwenye matumizi mengineyo ya GST, ndogo, isiyoguswa, ya kutunza vipima vinne vya kudumu kati ya Same na Pangani kwa miaka 30. Na wito mmoja wa maandiko pale COSTECH kila mwaka wa fedha, wa hatari za ardhi pekee, wenye sharti kwamba data iwekwe wazi na ripoti iandikwe kwa Kiswahili anachokielewa mhandisi wa wilaya. Idara ya maafa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, iliyopewa sheria mpya mwaka 2022, ikae kwenye jopo la kuchagua, maana ndiyo itakayopigiwa simu.

Lipo jambo lenye haraka kuliko hayo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza likiwa limefukiwa. Limefuatana na kebo ya faiba kwa ajili ya mawasiliano na kugundua uvujaji. Faiba hiyohiyo, ukifunga kifaa cha leza kwenye ncha yake, huhisi mtikisiko kila baada ya mita chache. Iceland watafiti wameshafanya hivyo kwa kebo ya kawaida ya simu. Pampu za bomba zitaleta kelele, na kebo haichukui nafasi ya kipima kizuri, lakini ni mstari wa kusikilizia unaokatiza hasa pale ambapo orodha yetu ya matetemeko ni nyembamba. Wenye bomba walilazimika kuchunguza hatari za ardhi kabla ya kujenga, na matokeo ya uchunguzi wa kina wa nyufa yana thamani kwa shule zilizo kando ya njia kama yalivyo na thamani kwa bomba. Shirika letu la mafuta, TPDC, lina asilimia 15 ya hisa, na EWURA ndiye mdhibiti. Ombi la kutumia nyuzi mbili za faiba na kufungua data za nyufa ni barua ya kurasa mbili, na mahali pa kuipeleka panajulikana.